Je, Wajua? Kazi za Mikono na Vitamu vya Msimu wa Kiangazi Dodoma

Anayeijua Dodoma kwa kupita na basi huondoka na kumbukumbu ya vumbi, mibuyu na upepo. Mvua huanza Desemba, na Aprili ikiisha imeshakatika. Kwa mwaka mzima hunyesha takriban milimita 570 tu, na miezi inayobaki ni jua kutwa. Wengi huihesabu miezi hiyo kuwa ya dhiki. Kwa wafumaji, wasukaji, watengeneza vibuyu, wauza ubuyu na akina mama wa mlenda, hiyo ndiyo miezi ya kazi: mavuno yako ndani, mikono imepata nafasi, na hewa kavu inafanya bure kile ambacho kwingine kinahitaji tanuri. Haya ni mambo machache kuhusu vitu hivyo, ambavyo tumevizoea sokoni na sebuleni mpaka hatuviulizi tena vimetoka wapi.

Je, wajua kwamba kondoo wa Ugogo, nchi ya Wagogo hapa Dodoma, hawana sufu?

Juni na Julai ni kipupwe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka hadi kwenye nyuzi 13 au 14. Ndipo utakapoona sweta za kufuma, kofia za watoto wachanga, soksi ndogo zenye vishada na mashali ya kumfunikia mtoto mgongoni. Mtu angedhani uzi wake umetoka kwa makundi ya kondoo yanayokatiza barabara jioni, maana mifugo imejaa kila wilaya. Lakini kondoo wa asili wa nyanda za kati ni wa nywele fupi, kama mbuzi. Akiba yao wanaiweka mkiani, kwenye mafuta yanayowasaidia kuvuka kiangazi. Ukimkata manyoya hupati hata uzi wa soksi moja.

Uzi mwingi unaouzwa madukani kwa jina la sufu ni akriliki, nyuzi zinazotengenezwa kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Kampuni ya DuPont ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1950 kwa jina la Orlon, na kwa kuwa ni rahisi, haziliwi na nondo na rangi zake hazichuji upesi, zikaenea dunia nzima. Kwa mfumaji wa Dodoma zina faida nyingine: sweta ya akriliki hufuliwa asubuhi na kuvaliwa alasiri. Zina hatari yake pia, nayo isemwe wazi kwa wanaopikia kuni na mkaa: akriliki ikishika moto huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Mtoto aliyevaa sweta ya namna hiyo asikae karibu na mafiga.

Je, wajua kwamba kitambaa cha kochi hakijapata mashine ya kukishinda?

Kufuma kwa sindano mbili kulipata mashine zamani sana. Mwaka 1589 Mwingereza William Lee aliunda mtambo wa kufuma soksi, na husimuliwa kwamba Malkia Elizabeth wa Kwanza alimnyima hataza kwa kuhofia wafumaji wa mkono wangekosa riziki. Leo sweta nyingi za shule nchini hufumwa kwa mashine, na mafundi wengi wadogo wanazo za kusukuma kwa mkono.

Sindano moja yenye ndoana ni habari nyingine. Vile vitambaa vyeupe vya kutandika kwenye makochi, juu ya redio, juu ya friji na chini ya chombo cha maua, kila tundu lake limefungwa na mkono wa mtu. Katika kufuma kwa sindano mbili, vitanzi vingi hukaa wazi kwenye sindano kwa pamoja, na ndiyo maana ukikata uzi sweta hufumuka safu nzima. Kwa sindano ya ndoana, kitanzi hufungwa kimoja baada ya kingine kabla ya kuendelea, na ndoana inaweza kurudi kuchomeka popote: safu ya chini, pembeni, katikati ya ua. Mpaka leo viwanda havina mashine inayozalisha kazi hiyo kwa wingi. Kinachouzwa dukani kama kitambaa cha kufuma cha mashine ni mwigo uliofumwa kwa njia nyingine.

Kwa hiyo yule mama anayefuma akisubiri wateja kwenye genge lake, mpira wa uzi ndani ya mfuko na macho barabarani, anafanya kazi ambayo viwanda havijaiweza. Mtazame kwa karibu. Uzi umezungushwa mara mbili kwenye kidole cha shahada cha kushoto ili usilegee wala usikaze. Hahesabu kwa sauti, lakini midomo inacheza kila akifika kwenye kona ya ua, kwa sababu kosa la kitanzi kimoja kwenye mzunguko wa pili huonekana kama mkunjo kwenye mzunguko wa kumi. Akimaliza, kitambaa huchovywa kwenye uji mwepesi wa wanga, huvutwa pembe zote na kuanikwa kikiwa kimenyooshwa. Jua la Dodoma hukikausha kabla hakijapata nafasi ya kujikunja.

Namna ya kufuma ilifika kwetu kupitia shule za misheni, vikundi vya wanawake vya wakati wa ukoloni, na baada ya Uhuru kupitia madarasa ya sayansi kimu na Umoja wa Wanawake wa Tanzania, ulioundwa mwaka 1962. Mitindo ya maua, hata hivyo, mingi haina kitabu. Huigwa kwa macho: mtu huazima kitambaa cha jirani, hukaa nacho jioni moja, na kesho yake anacho chake. Nadhani tunavidharau vitambaa hivi kwa sababu viko kila mahali, ilhali nyumba nyingi zimesomesha watoto kwa fedha itokanayo navyo.

Je, wajua kwamba makonge yanayozungushia viwanja ni wageni?

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai pwani ya Tanga ilikuwa 62, na humo ndimo zao la katani la Tanganyika lilimotoka. Mmea uliozaliwa kwenye ukame wa Meksiko haukupata shida kuhamia nyanda za kati, na leo unaota kwenye mipaka ya mashamba bila kumwagiliwa. Jani hupondwa, huparwa kwa kipande cha bati au kisu butu hadi nyama ya kijani itoke, nyuzi huoshwa na kuanikwa, kisha husokotwa kwa kiganja juu ya paja kuwa kamba. Utomvu wake huwasha vibaya, kwa hiyo anayeanza apake mafuta mikononi kwanza.

Kabla ya mkonge kufika, kamba ilitoka kwenye gome la mbuyu, na bado hutoka. Ukiona mbuyu wenye makovu mapana yaliyobanduka kiunoni, huko ndiko kamba zilikotoka. Miti mingine ikibanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Mbuyu huota gome jipya.

Je, wajua kwamba kibuyu huweza kuvuka bahari?

Mmung'unye ni mmea wa asili ya Afrika, na ganda lake kavu huelea majini kwa miezi mingi huku mbegu zikibaki hai. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa vibuyu vilivyotumiwa na wenyeji wa kale wa bara la Amerika vilitoka Afrika, na inaelekea vilifika huko vikielea Atlantiki, bila mtu kuvibeba.

Ugogoni kibuyu huachwa kwenye mtambaa wake mpaka mtambaa wenyewe ufe, kisha hukatwa, hutobolewa shingoni na kujazwa maji ili nyama ya ndani ioze na kutoka. Baada ya hapo hukaushwa. Cha maziwa hufukizwa kwa kijinga cha mti maalumu, na moshi huo hupunguza wadudu na kuyapa maziwa harufu ambayo waliokulia humo hawaisahau. Kikipasuka, hakitupwi. Fundi hutoboa vitundu pande zote mbili za ufa na kuushona kwa uzi mgumu, mshono wa kubana, na mahali pengine mshono huo hugeuzwa kuwa pambo. Ninapenda vibuyu vyenye mishono kuliko vizima, maana vinaonyesha kuwa kuna mtu aliyekataa kukiacha kitu kiende.

Kazi ya mikono ya Wagogo iliyokwenda mbali zaidi ni ilimba, marimba ya vidole. Vijino vyake hufuliwa kwa chuma kilichopatikana, kama misumari na nyaya, na kwenye kisanduku chake hutobolewa tundu dogo linalofunikwa kwa utando mwembamba unaotolewa kwenye kifuko cha mayai ya buibui. Utando huo ndio unaotoa ule mlio wa kunguruma unaofuatana na kila noti. Ukiuondoa, ilimba hupoa. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Ugogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliupeleka mlio huo Ulaya na Marekani na kuurekodi na kampuni ya Real World kabla ya kufariki Desemba 2003.

Je, wajua kwamba paa la tembe lilikuwa kichanja?

Msafiri Richard Burton, aliyepita Ugogo mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, alizieleza nyumba za tembe: za chini, ndefu, zenye paa bapa la miti, nyasi na udongo ulioshindiliwa. Mahali penye mvua nyingi paa la namna hiyo lingeporomoka. Dodoma lilidumu, na likawa na kazi ya pili: uwele, mbegu za maboga na majani ya mboga vilianikwa juu yake, mbali na kuku na mbuzi. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971, iliyowakusanya watu vijijini, ilichangia kuzipunguza. Siku hizi mboga huanikwa kwenye bati, turubai na mawe mapana.

Mboga yenyewe ni mlenda. Wasioujua hudhani ni mboga moja. Ni kundi la majani ya porini na shambani, mengine ya jamii ya ufuta-mwitu, mengine ya jamii ileile inayotoa nyuzi za juti za kutengenezea magunia. Huota yenyewe mvua zikianza, wakati ghala limeshapungua na mahindi bado machanga, na huchumwa kwa wingi kuliko watu wanavyoweza kula. Ziada huanikwa, hutwangwa, na unga wake hukaa mwaka mzima. Ukipikwa, maji huchemshwa na kipande kidogo cha magadi, unga humwagwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, na mwisho huongezwa karanga zilizotwangwa. Magadi yakizidi, mlenda hugeuka mchungu na kuacha ladha ya sabuni, kwa hiyo mpishi mzuri hujulikana hapo.

Ukinunua unga wa mlenda sokoni, omba kionjo. Tia kidogo kwenye glasi ya maji: majani yatavimba na mchanga utakaa chini. Ule uliochumwa kwa haraka na kuanikwa chini ardhini utauona.

Upande wa Singida, Tabora na kwenda Usukumani, kiangazi kina kitamu chake: viazi vitamu. Vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe, vikichemshwa kwanza huitwa matobolwa. Matobolwa huwa magumu, ya rangi ya dhahabu iliyokolea, na utamu wake huongezeka kwa kuwa kuchemsha hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari kabla maji hayajatoka. Watoto huyatafuna makavu njiani kwenda shule.

Je, wajua kwamba mzabibu wa Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka?

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Unachosubiri ni mkasi. Mkulima akipogoa, mzabibu huamka, huchipua, na baada ya miezi kama minne una mashada. Kwa hiyo mavuno huja mwanzoni mwa mwaka, kati ya Februari na Machi, na tena Agosti na Septemba. Ya kiangazi ndiyo yenye usalama, maana mvua huleta ukungu kwenye mashada. Zao hili lilikuzwa na wamisionari wa Kikatoliki, na misheni ya Bihawana hutajwa kila historia ya zabibu za Dodoma inaposimuliwa. Hombolo na Makutupora ndiyo majina mengine utakayoyasikia.

Shida ya mkulima ni kwamba zabibu haingoji. Kiwanda kikichelewa kununua, shada huoza mikononi. Ndiyo maana wengi hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwenye mapipa, na nyumbani akina mama hutengeneza jamu na zabibu kavu. Kilo moja ya zabibu kavu inahitaji takriban kilo nne za mbichi. Zikianikwa kwenye wavu ulioinuliwa, chini ya kitambaa chepesi cha kuzuia nzi, jua la Septemba hulimaliza jambo bila mtambo wowote. Inaniuma kuona pilau ya Krismasi mjini Dodoma ikitiwa zabibu kavu zilizotoka ng'ambo wakati za hapa zilimwagwa.

Je, wajua kwamba Kongwa palikuwa na ndoto ya karanga?

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikosa mafuta ya kupikia. Ikaamua kulima karanga Tanganyika kwenye mamilioni ya ekari, ikaanza Kongwa mwaka 1947, na kwa kukosa matrekta ya kutosha ikageuza vifaru vya vita vya Sherman kuwa mashine za kulimia. Mibuyu na vichaka viling'oa meno ya mashine. Kisha mvua zilipokata, udongo mwekundu ukashupaa na karanga zikabaki zimefungwa ardhini. Januari 1951 mradi ulitupwa, na hasara yake ilifikia pauni milioni 36.

Karanga zenyewe hazikushindwa. Wakulima wa Dodoma wanazilima hadi leo kwa jembe la mkono, kwenye vipande vya udongo wa kichanga wanavyovijua, na wanazing'oa udongo ungali na unyevu. Ndizo zinazochemshwa mbichi na maganda yake Aprili na Mei, ndizo zinazotiwa kwenye mlenda, na ndizo zinazokuwa kashata: sukari iyeyushwe bila maji mpaka iwe ya kahawia, karanga zimwagwe, mchanganyiko utandazwe juu ya ubao uliopakwa mafuta na ukatwe haraka, kwa sababu ukipoa huvunjika ovyo. Jirani yake shambani, njugu mawe, ni mwenyeji wa Afrika, wakati karanga ililetwa kutoka Amerika ya Kusini.

Je, wajua kwamba nafaka iliyochipua huyeyusha uji?

Loweka uwele, ulezi au mtama usiku kucha, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue, uanike, usage. Hicho ni kimea. Chukua uji mzito kiasi cha kusimamisha mwiko, uuache upoe mpaka uwe wa vuguvugu, koroga kimea kijiko kimoja. Baada ya dakika chache uji unalegea na kumiminika, tena mtamu, bila kuongezwa maji wala sukari. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng'enya vya kuvunja wanga ili iulishe mche, navyo hufanya kazi hiyohiyo kwenye sufuria. Uji ukiwa wa moto sana vimeng'enya hufa, na hapo ndipo wengi hushindwa.

Mwaka 1983 watafiti Mosha wa Tanzania na Svanberg wa Sweden walichapisha utafiti kuhusu jambo hili kwa ajili ya watoto. Tumbo la mtoto ni dogo: akipewa uji mwepesi wa kawaida hushiba maji. Ukitiwa kimea, kikombe kilekile hubeba unga mwingi zaidi na bado unanyweka. Uji huo ukiachwa uchachuke hadi kesho yake ni togwa, na tindikali yake huzuia vijidudu vingi vya kuharisha. Kwa kimea cha mtama, angalizo moja: machipukizi yana sayanidi, kwa hiyo yakikauka yafikichwe na kupepetwa yatoke kabla ya kusaga.

Je, wajua kwamba ubuyu hukauka wenyewe ndani ya ganda?

Matunda mengi hukaushwa baada ya kuchumwa. Buyu huanza kazi hiyo likiwa bado linaning'inia. Kufikia kiangazi, nyama yake imeshakuwa unga mweupe uliogandamana na mbegu, mkali kwa tindikali, wenye vitamini C nyingi kuliko chungwa kwa uzito uleule. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga huo kuuzwa kama chakula kipya mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Watoto wa Mpwapwa, Bahi na Chamwino walikuwa wameshaulamba vizazi vingi.

Ubuyu wa rangi hutengenezwa hivi. Sukari na maji kidogo huchemshwa mpaka shira ivutike uzi kati ya vidole viwili. Hutiwa rangi nyekundu, hiliki iliyosagwa, vanila, na kwa wanaopenda, pilipili ya unga na chumvi kidogo. Moto hupunguzwa, ubuyu humwagwa, na mwiko hautulii, maana sekunde chache za kuzubaa hufanya mbegu zishikane donge. Kila mbegu ikishavaa koti lake, sufuria huepuliwa na ubuyu hutandazwa kwenye sinia. Saa moja ya upepo wa Dodoma inatosha kuukausha. Pwani, kwenye hewa ya chumvichumvi, ubuyu uleule huvuta unyevu na kunata mpaka usiku, na wapishi wa huko hulazimika kuichemsha shira kwa muda mrefu zaidi. Anayepeleka zawadi Tanga au Dar es Salaam aufunge kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza kabla basi halijafika Morogoro.